Spear, Mwizi wa Simu na Kurasa Zilizoliwa na Mchwa



Jumapili moja baada ya mkutano wa VIWAWA hapa kwetu Mitundu, tulibaki barazani tukingoja mvua ipungue. Mwenzetu mmoja akatupia swali la kupitisha muda: kila mtu ataje kitabu anachokipenda kuliko vyote, na Biblia usiitaje, maana hiyo tutaisema wote. Dada mmoja akataja maisha ya Mtakatifu Karoli Lwanga. Mwingine akataja riwaya waliyosoma sekondari. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi ni katuni ya Spear."

Walicheka sana. Mlezi wetu yeye hakucheka. Akaniuliza kwa upole, "Kwa nini hiyo?" Nikajiumauma, nikasema ni nzuri tu, ina mapigano. Mvua ikakatika, tukatawanyika.

Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Kiukweli nilikuwa najua jibu, ila sikuwa tayari kulisema mbele za watu, kwa sababu ndani yake kuna jambo nililolifanya ambalo sijivunii. Leo nalisema. Nisome kwa subira, halafu ujiulize na wewe.

Gazeti la babu

Babu yangu alikuwa kibarua wa reli ya kati pale Itigi enzi za ujana wake, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alipoacha kazi alirudi na sanduku la bati. Ndani kulikuwa na koti, taa ya mkono isiyowaka, na magazeti matatu ya picha yaitwayo African Film. Humo ndimo alimoishi Lance Spearman, ambaye kila mtu alimwita Spear.

Kwa vijana wa leo nieleze kidogo. African Film haikuwa katuni ya kuchorwa. Ilikuwa hadithi ya picha za kamera: watu halisi wanaigiza, wanapigwa picha moja moja, kisha maneno yao yanaandikwa kwenye viputo juu ya vichwa vyao. Lilitolewa na kampuni ya Drum, wale wale wenye jarida maarufu la Drum la Afrika Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 lilisomwa Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda na hapa Tanzania. Kabla ya televisheni kufika kwetu, hiyo ndiyo ilikuwa sinema ya mtu asiye na sinema. Unakunja, unaweka mfukoni, unamwazima jirani.

Spear ni mpelelezi. Ana kofia, tai ya kipepeo, sigara kubwa na gari la kifahari. Anasaidiana na Kapteni Victor wa polisi, msaidizi wake Sonia, na kijana mmoja aitwaye Lemmy. Hana mabawa wala haruki juu ya maghorofa, lakini risasi humkosa, kamba humlegea, na ngumi yake moja hulaza watu watatu. Kama huyo si shujaa wa ajabu, basi sijui ajabu ni nini. Na wabaya wake ni wabaya kwelikweli: kuna Rabon Zollo, kuna wataalamu wazimu wanaotaka kuitawala dunia, kuna magenge ya wezi wa benki.

Sasa bwana, magazeti yale yalikuwa ya Kiingereza, na babu Kiingereza hakukijua. Alikuwa anatazama picha na kutunga maneno mwenyewe. Jioni tukikaa jikoni tunabandua maganda ya karanga, anafungua na kusoma, yaani anajisomea kilichomo kichwani mwake. Tena la tatu, lile nililolipenda zaidi, mchwa walikuwa wameingia sandukuni wakala kurasa zote za mwisho. Picha ya mwisho iliyobaki inamwonyesha Spear amesimama, na adui yake yuko chini, mkono mmoja ameuinua. Baada ya hapo ni udongo wa mchwa.

Kwa hiyo mwisho alikuwa nao babu. Siku akiwa amechoka anasema, "Spear akampiga risasi, kwisha." Siku akiwa na furaha anasema, "Spear akamfunga kamba akampeleka kwa Kapteni." Na siku moja, nakumbuka ilikuwa Kwaresima, alisema, "Spear akamuuliza, wewe mtoto wa nani?" Tukamzomea. Tulitaka risasi.

Kwa nini niliipenda

Nimejaribu kuwa mkweli na nafsi yangu. Sababu zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni rahisi. Shujaa alikuwa mtu mweusi kama babu. Babu alisema zamani ukienda kuangalia picha mjini, anayeshinda ni mzungu na anayebeba mizigo ni mtu kama yeye. Kwa Spear mambo yaligeuka. Mtoto yeyote anahitaji kuona angalau mara moja kwamba anayefanana naye anaweza kusimama mwishoni mwa hadithi.

Ya pili, kwenye gazeti lile msaada hufika. Wewe unayeishi mjini huenda usinielewe. Huku ukiibiwa baiskeli usiku, asubuhi mwizi ameshaingia msituni, njia ya Rungwa iko wazi mbele yake, na wewe unabaki unatazama alama za matairi. Baba yangu aliibiwa pesa za alizeti za msimu mzima. Nilimwona amekaa kwenye kigoda, hasemi, anazungusha kofia mkononi. Hatukupata hata senti. Mwaka ule dada yangu hakurudi shule muhula wa pili. Mtoto aliyeona hayo akifungua ukurasa na kumkuta mtu mmoja anayefika kwa wakati, anayemshika mwizi na mali mkononi, atakosaje kumpenda?

Ya tatu ndiyo iliyokuja kunisumbua. Kwenye gazeti lile mbaya unamjua kwa kumwona tu. Ana kovu, ana macho ya kutisha, anacheka vibaya, anapigwa picha kutokea chini ili aonekane kama jini. Hana mama. Hana jumuiya. Hakuna ukurasa unaomwonyesha akila ugali na wadogo zake. Ukimpiga huumizi mtu, unaupiga ubaya wenyewe.

Siku ya mnada

Miaka minne iliyopita, nikiwa na miaka kumi na tisa, siku ya mnada nilikuwa nasubiri abiria na pikipiki ya mjomba. Nikasikia ukelele: "Mwizi! Mwizi huyo!" Kijana mmoja alikuwa anakimbia katikati ya mafungu ya nyanya na dagaa, na nyuma yake watu. Unajua inavyokuwa. Miguu inakimbia kabla ya kichwa. Niliacha pikipiki na ufunguo ukiwa ndani, nikaungana nao.

Nitakueleza nilichosikia moyoni wakati ule, maana ndicho kiini cha andiko hili. Sikusikia hasira. Nilisikia furaha. Nilijiona nina kofia na tai ya kipepeo. Nilimwona baba yangu kwenye kile kigoda, nikasema leo ndiyo leo.

Walimkamata karibu na mashine ya kusaga. Nilipofika alikuwa ameshaanguka, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Watu walikuwa wanampiga kwa fimbo. Nikapenya, nikampiga teke la mbavu. Moja tu. Nasema moja, lakini sisemi ili nionekane mwema. Lingekuwa la pili na la tatu kama si kilichotokea.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza maandazi, mtu mzima na mguu wake mbovu, alikuja akasukuma watu kwa kiwiko kama anayepita kwenye foleni ya maji. Akafika pale katikati, akajilaza juu ya yule kijana, akamfunika na khanga yake. Hakuhubiri. Alisema tu, "Haya, pigeni." Mmoja akapiga kelele, "Mama toka, huyo mwizi!" Mama akajibu, "Najua ni mwizi. Pigeni."

Hakuna aliyepiga. Tulisimama pale na fimbo zetu, tukaanza kuona aibu, kila mtu kivyake. Mgambo wakafika, wakamchukua.

Sasa usifikiri nataka kukuambia kwamba kijana yule alisingiziwa. Hapana. Simu ilikutwa mfukoni mwake. Aliiba kweli, alishtakiwa, akafungwa miezi sita. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa hana hatia, ningesema kosa letu lilikuwa haraka. Lakini tulimpata mwenyewe, na bado tulichofanya kilikuwa kibaya. Na nilipomtazama uso wakati mgambo wanamwinua, hakuwa na kovu. Alikuwa wa rika langu. Alikuwa amevaa jezi ya Simba, na mimi nyumbani ninayo kama ile.

Ulinzi unaishia wapi?

Ndipo swali likaanza. Je, ni dhambi kufurahia hadithi ya mtu anayepiga wabaya? Na kama si dhambi, kwa nini furaha ile ile ilinipeleka kumpiga mtu aliyelala?

Mama Kanisa hatuambii tuwaache wezi watusafishe. Katekisimu, kwenye amri ya tano, namba 2263 hadi 2265, inafundisha kwamba mtu ana haki ya kujilinda, na kwamba mwenye dhamana ya maisha ya wengine anao hata wajibu wa kuwalinda. Kumkimbiza mwizi si dhambi. Kumkamata si dhambi. Hata ukitumia nguvu ili asikuchome kisu, nguvu ya kiasi kinachotosha, hujakosa.

Lakini angalia neno hilo, kiasi. Mwizi akishaanguka, akishashikwa, simu ikishatoka mfukoni, ulinzi umekwisha. Kinachofuata si ulinzi tena, ni kitu kingine, na lazima tukipe jina lake. Mimi teke langu halikurudisha simu, maana ilikuwa imeshapatikana. Halikurudisha pesa za baba. Lilinipa raha, basi. Nilikuwa namlipisha kijana wa watu deni la mwizi mwingine nisiyemjua.

Hata sheria ya nchi inasema hivyo. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu anayeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Na hata likithibitishwa, hakuna mahakama Tanzania yenye adhabu iitwayo fimbo za mnadani.

Najua utasema nini. Wewe mwenzangu unayesoma hapa, labda umeibiwa ng'ombe, au pikipiki ambayo bado unailipia mkopo. Utasema polisi wako mbali, kesi zinachukua miaka, mwizi anarudi kabla hujamaliza kutoa ushahidi. Sibishi. Nimekuambia kuhusu baba. Maumivu yako ni ya kweli na yanastahili haki. Ila jiulize jambo moja: ukimaliza kumpiga, umepata haki, au umepata tu mtu wa kupokea maumivu yako?

Shujaa anayemwokoa adui

Baadaye rafiki yangu anayesoma chuo alinionyesha kwenye simu katuni nyingine, ya Marekani, iitwayo Daredevil. Ilianza mwaka 1964, kazi ya Stan Lee na Bill Everett. Shujaa wake ni Matt Murdock, kipofu, mwanasheria mchana na mpiga majambazi usiku. Na sikiliza hii: ni Mkatoliki. Mtu anayevaa pembe za shetani usiku na anayejua njia ya kwenda kuungama.

Kuna toleo moja, namba 169 la mwaka 1981, lililoandikwa na kuchorwa na Frank Miller. Muuaji aitwaye Bullseye ana uvimbe kwenye ubongo, akili imevurugika, ameua watu. Daredevil anapambana naye kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi. Bullseye anaanguka kwenye reli, amezimia. Treni inakuja. Shujaa hahitaji kufanya lolote, anyamaze tu, treni imalize kazi. Anarudi, anamvuta adui yake kutoka kwenye reli.

Polisi aliyekuwepo haelewi. Je, huyu akija kuua tena, itakuwaje? Daredevil anashikilia kwamba si yeye wa kuamua nani aishi na nani afe, sheria ipo.

Na hapa ndipo katuni hiyo iliponishika. Haidanganyi. Mwaka uliofuata, toleo namba 181, Bullseye anamuua Elektra, mwanamke ambaye Daredevil alimpenda. Yule polisi alikuwa na hoja. Na shujaa wetu mwenyewe, akiwa na uchungu huo, safari hii anamshika Bullseye mahali pa juu kisha anamwachia aanguke. Alishindwa mtihani aliokuwa ameufaulu.

Rafiki yangu akaniambia, "Unaona? Angemwacha kwenye reli, yule dada angekuwa hai." Nilikosa jibu kwa siku kadhaa. Leo ningemjibu hivi: dhambi ya Bullseye ni ya Bullseye. Aliyemwokoa mtu kwenye reli hakumpa kisu. Huruma si kumfungulia muuaji mlango aende zake, ni kukataa kumfanya kitu. Mlinde jirani, mfunge mwovu ikibidi, simamia kesi mpaka mwisho, hata ikikuchosha. Hayo yote ni kazi ngumu kuliko kunyamaza treni ipite. Na ndiyo, huruma inaweza kukugharimu. Bwana wetu hakutuficha hilo. Msalaba si hadithi ya huruma isiyo na gharama.

Hili si jambo jipya lililoletwa na katuni. Fungua 1 Samweli sura ya 24. Sauli anamwinda Daudi, anaingia pangoni kujisitiri, na humo humo Daudi amejificha. Watu wa Daudi wanamwambia hii ndiyo siku aliyokupa Mungu. Daudi anakata kipande cha vazi tu, na hata kwa hicho moyo unamchoma. Kumshinda Goliathi kulihitaji kombeo. Kumshinda Sauli pangoni kulihitaji Daudi ajishinde mwenyewe. Na bustanini Gethsemane, Petro alipochomoa upanga akakata sikio, Yesu aliliponya sikio la mtu aliyekuja kumkamata.

Kwa hiyo nikapata kipimo changu. Shujaa hapimwi kwa namna anavyomwangusha adui, maana hata lori linaangusha. Anapimwa kwa anachofanya adui akiwa chini. Kwenye picha ile ya mwisho ya gazeti la babu.

Mtakatifu tunayemtaja bila kumjua

Wengi wetu wa huku tumezaliwa au kutibiwa katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi. Tunalitaja jina hilo kila tukiugua, "nampeleka mtoto Gaspari," lakini wangapi tumeuliza yeye ni nani?

Gaspari del Bufalo alizaliwa Roma mwaka 1786. Mwaka 1815 alianzisha Shirika la Wamisionari wa Damu Azizi. Wakati ule maeneo ya kusini mwa Roma yalijaa majambazi, watu wa kuteka na kuua, na mji wa Sonnino ulijulikana kama pango lao. Mwaka 1819 serikali ya Papa ikatoa amri mji ule ubomolewe. Kama ni sisi tungesema sawa kabisa, hasira kali za wananchi, tena za serikali. Gaspari akamwandikia Papa Pio VII akiutetea mji, akipendekeza kwamba badala ya kubomoa nyumba za watu, zifunguliwe nyumba za wamisionari katika maeneo hayo. Mji haukufutwa, upo hadi leo. Kuanzia mwaka 1821 yeye na wenzake wakaingia kuhubiri kwa majambazi wale, mikononi wana msalaba.

Hakuwaambia kwamba hawajakosa. Aliwahubiria toba, na toba si kubembelezana. Lakini aliwaendea kama watu wenye roho. Nikisoma habari zake namkumbuka mama wa maandazi: najua ni mwizi, pigeni. Alijua ukweli wote na bado alilala juu yake.

Nilichomwambia, na alichonijibu

Niliungama lile teke. Padre hakunipa sala tu. Aliniambia nikimwona kijana yule, nisipite upande wa pili wa barabara.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Siku moja natoka kushusha abiria, nikamkuta anatembea njiani jua kali, amebeba kolo la kufyatulia matofali. Nikasimama. Nikampakia bila nauli. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno, na kelele za pikipiki zilinisaidia kunyamaza. Alipokuwa anashuka nikazima injini, nikamwambia, "Kaka, siku ile ya mnada, na mimi nilikupiga. Teke. Naomba unisamehe."

Alinitazama muda. Nilidhani atanirukia. Akasema, "Mlikuwa wengi. Mimi nilimwona yule mama tu."

Akabeba kolo lake akaenda. Hakusema amenisamehe, na sikumlazimisha. Nimemwona mara kadhaa tangu hapo. Anafyatua matofali, tunasalimiana. Mara moja nilimkuta kwa yule mama ananunua maandazi, na mama anamgombeza kwa kuchelewa kulipa deni, kama anavyotugombeza sisi wote.

Maneno yake sijayasahau. Sisi tuliompiga, kila mmoja akijiona Spear, kwake tulikuwa kundi tu, hatuna sura. Ni sisi tuliokuwa kama wale wabaya wa gazetini. Katika siku ile shujaa alikuwa mmoja, na alikuwa na mguu mbovu.

Basi, kwa nini bado naipenda?

Sasa naweza kumjibu mlezi wetu. Naipenda Spear kwa sababu inanionyesha ninachokitaka, na kujua unachokitaka ni mwanzo wa kukisafisha. Hamu ya kuona mnyonge analindwa na mwizi anashikwa ni hamu njema, ameiweka Mungu ndani yetu, kila Adventi tunaililia. Usiione haya. Tatizo ni ile raha iliyojificha nyuma yake, inayosubiri mtu aanguke. Ukisoma katuni, au ukitazama filamu, au ukiona zile video za mwizi anapigwa zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, jiulize umefurahi sehemu gani. Umefurahi mtoto alipookolewa, au umefurahi damu ilipotoka? Jibu hilo ni la kupeleka kwenye kiti cha kitubio. Na zile video, ndugu yangu, usisambaze. Yule naye ana mama mwenye simu.

Babu alishafariki, Mungu amweke pema. Gazeti lile ninalo mimi. Nilijaribu kutafuta toleo lake kwenye intaneti nione mwisho wenyewe, kisha nikaacha. Naona mchwa walinifanyia hisani. Kila nikifika kwenye picha ile, Spear amesimama, mtu yuko chini na mkono ameuinua, ninalazimika kuamua mwenyewe kinachofuata. Juzi mdogo wangu wa darasa la tatu aliniomba nimsomee. Tulipofika mwisho akauliza, "Halafu?"

Nikamsomea mwisho ule wa Kwaresima. Nikasema, "Spear akainama, akamuuliza, wewe mtoto wa nani?"

Alinizomea, kama sisi tulivyomzomea babu. Sawa tu. Nitamsomea tena.

*Tendo la wiki:* Mwombee kwa jina mtu mmoja aliyekukosea. Kama humjui jina, kama sisi tusivyomjua mwizi wa alizeti, mwombee hivyo hivyo, Mungu anamjua. Na kama kuna uliyempiga, kwa mkono au kwa mdomo, usipite upande wa pili wa barabara.

*Tusali:* Bwana Yesu, ulitundikwa katikati ya wezi wawili na ukampa mmoja wao paradiso siku hiyo hiyo. Utufundishe kulinda bila chuki na kushinda bila kukanyaga. Tunapomwona mtu amelala chini, utukumbushe sisi ni watoto wa nani. Amina.

Mtakatifu Gaspari, utuombee.